Neil Armstrong: Baba aliyetua mwezini akiwa ameshamzika bintiye

Ilikuwa saa 11:56 alfajiri kwa saa za Afrika Mashariki, Jumatatu ya Julai 21, 1969. Wakati wakazi wa Dar es Salaam na Nairobi wakianza kuamka, mwanaume wa miaka 38 aitwaye Neil Armstrong alikuwa akishuka ngazi ya chombo kilichotua mwezini. Akauweka mguu wake wa kushoto kwenye vumbi ambalo hakuna binadamu aliyewahi kulikanyaga.

Inakadiriwa watu takriban milioni 600 duniani walifuatilia tukio hilo. Walimjua kuwa ni rubani na mhandisi kutoka Marekani, mume wa Janet na baba wa watoto wawili wa kiume, Rick aliyekuwa na miaka 12 na Mark aliyekuwa na miaka sita.

Wasichokijua wengi ni kwamba Armstrong alikuwa amezaa watoto watatu. Katikati ya Rick na Mark alikuwapo binti, Karen, ambaye familia ilipenda kumwita Muffie. Alifariki dunia kwa uvimbe wa ubongo akiwa hajatimiza miaka mitatu. Baba yake hakupenda kulizungumza hilo, na hata baadhi ya watu waliofanya naye kazi kwa miaka hawakujua kwamba aliwahi kuwa na binti.

Armstrong alifariki dunia Agosti 25, 2012 akiwa na umri wa miaka 82. Historia inamkumbuka kwa hatua ile moja. Lakini kwa mzazi, maisha yake yana mengi zaidi ya mwezi: mtoto mgonjwa, ndoa iliyobeba msiba, ajali shambani, na upasuaji wa moyo ulioiacha familia na maswali.

Saa 22 za kazi kwa saa moja angani

Armstrong alizaliwa Agosti 5, 1930 karibu na mji mdogo wa Wapakoneta, jimbo la Ohio. Baba yake, Stephen, alikuwa mkaguzi wa hesabu wa serikali ya jimbo, kazi iliyoifanya familia ihamehame mji hadi mji. Mama yake, Viola, ndiye aliyebaki na watoto watatu, Neil, June na Dean, kila walipolazimika kuanza upya mahali pengine.

Akiwa na miaka mitano, siku chache tu kabla ya kutimiza sita, baba yake alimpandisha ndege kwa mara ya kwanza. Tangu siku hiyo mtoto hakutaka kusikia jambo jingine. Alitengeneza ndege za kuchezea na kusoma kila kilichoandikwa kuhusu urubani.

Familia haikuwa na fedha za kumlipia mafunzo. Alipofika umri wa sekondari alipata kazi katika duka la dawa, akilipwa senti 40 za Dola kwa saa. Somo la saa moja la kurusha ndege liligharimu Dola tisa. Maana yake ni kwamba kijana huyo alifanya kazi kwa zaidi ya saa 22 ili akae angani saa moja.

Alipata kibali cha mwanafunzi wa urubani siku alipotimiza miaka 16, kabla hata hajapata leseni ya kuendesha gari.

Mwaka 1947 alijiunga na Chuo Kikuu cha Purdue kusomea uhandisi wa ndege kwa ufadhili wa Jeshi la Wanamaji. Masharti ya ufadhili yalikuwa wazi: asome miaka miwili, aende jeshini, kisha arudi kumaliza shahada. Mwaka 1949 akaitwa. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 20, alikuwa rubani kamili wa kijeshi.

Bawa lililokatika Korea

Alipelekwa kwenye Vita vya Korea akirusha ndege za kivita kutoka manowari ya kubeba ndege iitwayo USS Essex. Alifanya safari 78 za mapigano.

Septemba 3, 1951, akiwa anaruka chini kwa kasi kubwa, ndege yake iligonga waya uliotegwa na adui. Kipande cha takriban mita 1.8 cha bawa la kulia kilikatika. Ndege ya namna hiyo isingeweza kutua salama. Armstrong aliiongoza hadi eneo lililokuwa mikononi mwa jeshi la upande wake, kisha akajirusha kwa kiti cha dharura na kushuka kwa mwavuli. Alikuwa amefikisha miaka 21 mwezi mmoja tu uliopita.

Baada ya vita alirudi chuoni. Hapo ndipo alipokutana na Janet Shearon, mwanafunzi aliyesomea masuala ya nyumbani na lishe. Walifunga ndoa Januari 28, 1956 na kuhamia California, ambako Armstrong aliajiriwa kuwa rubani wa majaribio katika kituo cha Edwards.

Kazi ya rubani wa majaribio ni kurusha ndege ambayo wahandisi bado hawajajua itafanya nini. Armstrong alikuwa vyote viwili, rubani na mhandisi. Alirusha ndege ya roketi ya X-15 mara saba, akifika kimo cha zaidi ya kilomita 60 na kasi ya zaidi ya kilomita 6,000 kwa saa. Alizoea tatizo lenye jibu: kifaa kimeharibika, tafuta sababu, rekebisha.

Mwaka 1961 alikutana na tatizo ambalo halikuwa na jibu.

Kuanguka bustanini

Rick alizaliwa mwaka 1957, na Karen akafuata Aprili 13, 1959. Juni 1961 familia ilikuwa Seattle, Armstrong alikokwenda kikazi. Siku moja walipokuwa bustanini, Karen alijikwaa akaanguka na kugonga kichwa.

Wazazi walidhani ni mtikisiko wa kawaida. Mtoto wa miaka miwili huanguka kila siku. Lakini Janet, aliyekuwa naye muda mwingi, aliona kitu kisicho sawa. Macho ya Karen hayakutulia, alijikwaa mara kwa mara, na baadaye hata maneno yake yakaanza kupotea.

Vipimo vilionyesha uvimbe wa saratani katikati ya shina la ubongo. Hiyo ni sehemu ndogo inayounganisha ubongo na uti wa mgongo, na ndiyo inayosimamia upumuaji, mapigo ya moyo, kumeza, kutembea na mwendo wa macho. Uvimbe wa eneo hilo mara nyingi hujipenyeza katikati ya chembe nzima za ubongo, hivyo daktari wa upasuaji hawezi kuukata bila kuua kile anachojaribu kukiokoa.

Karen alipewa matibabu ya mionzi. Kwa muda yalileta nafuu, uvimbe ukapungua kasi na mtoto akapata nguvu kidogo. Kisha dalili zikarudi, na mwili wake mdogo ukaanza kushindwa. Ikafika hatua hakuweza tena kutembea wala kuongea. Wazazi wakamrudisha nyumbani.

Alifariki dunia Jumapili ya Januari 28, 1962 kwa nimonia iliyomkuta akiwa amedhoofu. Siku hiyo Neil na Janet walikuwa wanatimiza miaka sita ya ndoa.

Kimya cha baba

Mapema Februari, Armstrong alikuwa amerudi kazini akirusha ndege.

Wapo waliomwona kuwa ni jasiri. Katika jamii nyingi, ikiwamo yetu, mwanaume aliyefiwa huambiwa ajikaze. Wageni wakishaondoka na turubai kushushwa, mama huendelea kuulizwa hali na majirani, lakini baba huulizwa amerudi lini kazini.

Armstrong hakuwa mtu wa maneno mengi hata kabla ya msiba. Baada yake, mlango wa jambo hilo ulifungwa kabisa. Janet alibaki na huzuni yake nyumbani pamoja na Rick, mtoto wa miaka minne aliyempoteza dada yake.

Mwandishi James Hansen, aliyeandika wasifu wa Armstrong uliotoka mwaka 2005, alizungumza na watu wa familia kuhusu kipindi hicho. June, dada yake Neil, aliamini kwamba kifo cha Karen ndicho kilichomsukuma kaka yake kugeuzia nguvu zake zote kwenye safari za anga za juu.

Tarehe zinaonyesha hivyo. Katikati ya mwaka huo huo wa 1962, Armstrong alituma maombi ya kuwa mwanaanga. Barua yake ilifika takriban wiki moja baada ya siku ya mwisho. Mtu aliyemfahamu kutoka Edwards aliichomeka kwenye rundo la maombi mengine kabla wakubwa hawajaanza kuyapitia. Septemba, jina lake lilikuwa miongoni mwa tisa waliochaguliwa.

Kuna wanaopona kwa kuzungumza na wanaopona kwa kufanya kazi. Tatizo huja pale wawili wa nyumba moja wanapoomboleza kwa namna tofauti na kila mmoja akadhani mwenzake hajali. Mtoto aliyebaki naye huona. Asipoelezwa kwa lugha ya umri wake, hujijazia majibu mwenyewe, na wakati mwingine huamini kwamba yeye ndiye aliyesababisha.

Moto usiku, na spika iliyozimwa

Familia ilihamia eneo la Houston, Texas. Mark alizaliwa Aprili 1963. Mwaka mmoja baadaye, usiku, nyumba yao iliungua. Armstrong alimkabidhi Mark kwa jirani yake, mwanaanga Ed White, kisha akarudi kupita kwenye moshi kumchukua Rick. Wote walitoka salama. Chini ya miaka mitatu baadaye, Januari 1967, White na wenzake wawili walikufa kwa moto ndani ya chombo cha Apollo 1 kilipokuwa kinajaribiwa ardhini. Aliyeokoa mtoto wa jirani motoni aliwaacha wake wakiwa yatima.

Armstrong mwenyewe aliponea chupuchupu zaidi ya mara moja. Machi 16, 1966, katika safari ya Gemini 8, yeye na David Scott walifanikiwa kuunganisha vyombo viwili angani kwa mara ya kwanza katika historia. Muda mfupi baadaye injini ndogo moja iligoma kuzima. Chombo kikaanza kuzunguka, kikafikia kasi ya takriban mzunguko mmoja kila sekunde. Kasi hiyo ikiendelea, binadamu huona giza na kuzimia. Armstrong alizima mfumo wote wa kawaida na kutumia injini za dharura zilizotengwa kwa ajili ya kurudi duniani. Walirudi mapema, wazima.

Nyumbani, wake wa wanaanga waliwekewa spika iliyowawezesha kusikia mazungumzo ya waume zao na kituo cha kuongozea safari. Hatari ilipozidi, spika ya Janet ikazimwa. Alitoka nyumbani kwenda kituoni kutaka maelezo, akazuiwa kuingia. Baadaye aliwaambia wakubwa wasirudie tena kumfanyia hivyo.

Kila aliyewahi kukaa kwenye benchi la hospitali akisubiri mtu atoke chumba cha upasuaji kumweleza lolote anajua alichokuwa anakidai Janet. Habari mbaya inaumiza, lakini kufichwa kunaumiza mara mbili.

Mei 1968, Armstrong alijirusha tena kutoka kwenye mashine ya kufanyia mazoezi ya kutua mwezini, ikiwa takriban mita 60 tu kutoka ardhini. Mashine ililipuka ilipoanguka. Yeye aliuma ulimi. Siku hiyo hiyo alionekana ofisini kwake akiendelea na kazi za mezani.

Mapigo 150 kwa dakika

Apollo 11 iliondoka Julai 16, 1969 ikiwa na Armstrong, Buzz Aldrin na Michael Collins. Siku nne baadaye, Armstrong na Aldrin walishuka kuelekea mwezini huku Collins akibaki kwenye chombo kikuu.

Kompyuta ilipiga king'ora mara kadhaa kwa sababu ilikuwa imezidiwa na kazi. Armstrong alipotazama chini, aliona mahali walipopangiwa kutua pamejaa mawe makubwa. Akachukua usukani, akapita juu ya mawe akitafuta uwanja wazi, huku kituo kikimhesabia mafuta yaliyobaki. Alitua akiwa na mafuta ya chini ya dakika moja. Ilikuwa saa 5:17 usiku kwa saa za Afrika Mashariki.

Sauti yake redioni ilikuwa tulivu. Lakini vifaa vilivyobandikwa mwilini vilionyesha moyo ukipiga takriban mara 150 kwa dakika, wakati mtu mzima aliyetulia hupiga kati ya 60 na 100. Mwili ulikuwa unasema kile ambacho mdomo haukusema. Yeyote aliyemfahamu baada ya Januari 1962 asingeshangaa.

Walikaa nje kwa takriban saa mbili na nusu, wakakusanya zaidi ya kilo 21 za mawe na udongo. Waliporudi duniani walitengwa kwa jumla ya siku 21 kwa hofu kwamba huenda wamebeba vijidudu vya ugonjwa usiojulikana. Rick na Mark walimwona baba yao lakini hawakuweza kumgusa hadi Agosti.

Kisha ikaja ziara ya dunia ya wanaanga hao na wake zao, iliyofika hata Kinshasa, Congo.

Filamu ya *First Man* ya mwaka 2018 inamwonyesha Armstrong akiidondosha bangili ya Karen kwenye shimo la mwezini. Wazazi wengi walilia katika onyesho hilo. Ni vyema ijulikane kwamba haijathibitishwa kuwa jambo hilo lilitokea. Kilichothibitika ni kwamba alienda na kurudi bila kumtaja hadharani.

Kidole kwenye barafu

Umaarufu haukumfaa. Mwaka 1971 alikwenda kufundisha uhandisi wa anga katika Chuo Kikuu cha Cincinnati na kununua shamba Ohio. Huko Cincinnati alishirikiana na kundi la madaktari na wahandisi waliochunguza kama pampu ndogo iliyotumika kwenye mavazi ya wanaanga ingeweza kusaidia mashine zinazosukuma damu wakati wa upasuaji wa moyo.

Novemba 1978 aliruka kutoka kwenye gari la nafaka shambani kwake. Pete yake ya ndoa ikanasa, na kidole kikakatika. Hakupiga kelele. Alikiokota kidole, akakihifadhi kwenye barafu na kwenda hospitali. Madaktari bingwa wa mikono huko Louisville, Kentucky, walikirudishia.

Utulivu huo unafundishika. Kiungo kikikatika, kwanza zuia damu kwa kukandamiza jeraha kwa kitambaa safi. Kiungo chenyewe kifungwe kwenye kitambaa safi chenye unyevunyevu, kiwekwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, kisha mfuko huo ndio uwekwe juu ya barafu. Kisigusane na barafu moja kwa moja, kwa sababu barafu huua nyama. Nenda hospitali mara moja. Na kwa wanaofanya kazi za mashine au kupanda magari ya mizigo, pete ibaki nyumbani.

Siku za mwisho

Januari 28, 1986, miaka 24 kamili tangu kifo cha Karen, chombo cha Challenger kililipuka angani na kuua watu saba, akiwamo mwalimu wa shule, Christa McAuliffe. Armstrong aliteuliwa kuwa makamu mwenyekiti wa tume iliyochunguza ajali hiyo. Tume iligundua kwamba mpira wa kuzibia maungio ya roketi ulishindwa kufanya kazi kwa sababu ya baridi, na kwamba wahandisi walikuwa wametoa tahadhari kabla ya safari.

Mwaka 1990 wazazi wake wote wawili walifariki dunia, mmoja Februari na mwingine Mei. Mwaka uliofuata Armstrong alipata mshtuko mdogo wa moyo akiwa kwenye mchezo wa kuteleza kwenye theluji. Mwaka 1994 yeye na Janet waliachana baada ya miaka 38 ya ndoa. Mwaka huo huo alimuoa Carol Knight.

Agosti 7, 2012, siku mbili baada ya kutimiza miaka 82, alifanyiwa upasuaji wa kutengeneza njia mpya za damu kupita mishipa ya moyo iliyoziba. Mwanzoni aliendelea vizuri, hata akatembea wodini. Baadaye, nyaya za muda za kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo zilipotolewa, alianza kuvuja damu ndani, karibu na moyo. Hakupona. Alifariki Agosti 25.

Mwaka 2019 vyombo vya habari vya Marekani viliripoti kwamba familia ililalamikia huduma aliyopewa baada ya upasuaji, na kwamba hospitali ilikubali kulipa Dola milioni sita, huku ikitetea kazi ya wahudumu wake. Wataalamu waliopitia kumbukumbu za matibabu hawakukubaliana kama maisha yake yangeweza kuokolewa.

Hata hivyo, funzo moja halina ubishi. Upasuaji haumaliziki mgonjwa anapotolewa chumba cha upasuaji. Siku zinazofuata ndizo zinazohitaji macho. Ndugu anayemuuguza ana haki ya kuuliza: kesho atafanyiwa nini, kuna hatari gani, na tukiona mabadiliko tumwite nani? Kizunguzungu cha ghafla, jasho la baridi, kupumua kwa shida au maumivu mapya ya kifua si mambo ya kusubiri hadi daktari apite asubuhi.

Yaliyobadilika tangu Karen

Zaidi ya miaka 60 imepita, na uvimbe wa shina la ubongo wa aina inayojipenyeza bado ni moja ya saratani ngumu zaidi kwa watoto. Mionzi, ile ile aliyopewa Karen, ingali tiba kuu, na watoto wengi hawamalizi miaka miwili baada ya kugundulika.

Lakini saratani nyingine nyingi za watoto sasa zinatibika. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watoto na vijana 400,000 hivi hupata saratani kila mwaka. Katika nchi tajiri, zaidi ya asilimia 80 hupona. Katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati, wanaopona hawafiki asilimia 30. Miongoni mwa sababu ni kuchelewa kugundulika, kukosekana kwa tiba na wazazi kuacha matibabu njiani kwa kukosa fedha.

Mzazi, mpeleke mtoto hospitali ukiona:

- Kichwa kinauma mara kwa mara, hasa anapoamka asubuhi.
- Anatapika asubuhi siku kadhaa bila kuharisha wala homa.
- Anayumba au kuangukaanguka wakati awali alitembea vizuri.
- Macho yanapishana ghafla, au analalamika kuona vitu viwiliviwili.
- Maneno aliyoyajua yanapotea, au anashindwa kumeza.
- Anapata degedege bila homa.
- Kwa mtoto mchanga, kichwa kinakua haraka kuliko kawaida.

Mara nyingi dalili hizi huwa na sababu nyepesi. Lakini zikiendelea au kuongezeka, usiridhike na dawa ya maumivu. Omba rufaa. Janet Armstrong hakuwa daktari, lakini yeye ndiye aliyeona macho ya mwanawe hayako sawa.

Konyeza mwezi

Ibada ya kumkumbuka Armstrong ilifanyika Washington Septemba 13, 2012. Kesho yake majivu yake yalizikwa baharini, katika Atlantiki, kutoka kwenye meli ya Jeshi la Wanamaji alilolitumikia akiwa kijana. Janet alifariki dunia Juni 2018.

Baada ya kifo chake, Carol alipokuwa akipanga vitu nyumbani alikuta kabatini mfuko mweupe wa kitambaa. Ndani yake mlikuwa na vifaa vidogo vilivyofika mwezini, ikiwamo kamera iliyorekodi kushuka kwake ngazi ile. Alikuwa amekaa nao kwa zaidi ya miaka 40 bila kuuonyesha wala kuuza. Ndivyo alivyokuwa. Vitu vilivyokuwa na uzito kwake aliviweka kabatini.

Familia yake haikuomba mnara wala sanamu. Katika taarifa ya msiba iliwaomba watu waige utumishi na unyenyekevu wake, na usiku wowote watakapotoka nje na kuuona mwezi ukiwaangazia, wamkumbuke Neil na kuukonyeza.

Mbalamwezi ikiwaka, hilo ni jambo ambalo mzazi yeyote anaweza kulifanya na watoto uani. Wakiuliza ni nani aliyefika kule juu, waambie ni kijana wa duka la dawa aliyekuwa akilipwa senti 40 kwa saa. Na waambie alikuwa na binti, aliitwa Karen.